Tulivyowaita Wakubwa

Mimi sina sauti tena. Daktari alinieleza kwa maneno yake marefu, nikaelewa kwamba koo limechakaa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoshika maikrofoni kwenye matanga na harambee hapa Kisumu, mkinikuta nimekaa kimya chini ya hema, msidhani nina kiburi. Ninasikiliza. Na mara nyingi ninayoyasikia hunifanya niangalie chini.

Juzi mmoja wenu, kijana mtanashati, suti imemkaa vizuri, alimkaribisha naibu wa chifu namna hii: "Simba wa Ziwa! Ndovu asiyepisha njia! Mwamba wetu!" Yule naibu wa chifu ni mtu mpole, anaogopa hata mbwa wa jirani. Alisimama, akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu nilijua akiitwa hivyo mara kadhaa atazoea, na siku nyingine hatageuka.

Hiyo ndiyo kazi yetu, wanangu. Watu hudhani MC kazi yake ni kuchekesha na kuhesabu muda. Kazi yake hasa ni kuita watu. Na hakuna watu wagumu kuita kama wakubwa.

Sikilizeni maneno yenyewe. Mlinzi wa geti humwita mtu "mkubwa". Kijana anayeosha magari humwita "mdosi". Mwenye shida humwita "baba", hata kama anayemwita ni mdogo kwake kwa umri. Gazeti humwita "kigogo", lakini sijawahi kumsikia mtu akisimama mbele ya kigogo na kumwambia, "Habari yako, kigogo." Hilo ni neno la mgongoni. Sisi Wajaluo tuna "jaduong'", neno tamu la kumwita mzee yeyote mwenye mvi, hadi wanasiasa walio rika la watoto wangu walipoanza kulidai kana kwamba ni cheo. Tuna "ruoth" pia, mtawala, na kanisani neno hilo tunampa Mungu. Siku moja nilimsikia MC akimwita mwenye hoteli ruoth na padri ameketi palepale. Padri alijikuna shingo tu.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Barnaba. Alikuwa na spika mbili na jenereta, anavikodisha kutoka kibanda kimoja pale soko la Kibuye, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa MC. Mimi nilikuwa mpishi wa matanga. Siku moja nilikuwa nikiwaita akina mama walete sahani, naita kutoka jikoni mpaka kule barabarani, naye akaja akasimama kando ya sufuria.

"Mama, hiyo sauti unaipotezea ugali," akasema. "Njoo uniitie wageni."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata alinipa maikrofoni.

Alinifundisha mambo ambayo hamtayapata kwenye simu zenu. Maiki usiiweke mbele ya mdomo, iweke karibu na kidevu, la sivyo kila "p" itapasuka kama puto. Upepo wa ziwa ukianza alasiri, ifunge kitambaa. Mjane usimsalimie kwa spika. Nenda kwake kwa miguu, uiname, umshike mkono. Ukitaka kujua cheo cha mgeni, muulize dereva wake, usimuulize msaidizi, kwa sababu msaidizi atamwongezea. Na kubwa kuliko yote: "Dorkas, hapa mwenye nyumba ni marehemu. Hao wengine wote, hata waje na magari kumi, ni wageni wake."

Makosa nilifanya, tena mengi. Moja bado wananichekea. Nilimkaribisha mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, ulimi ukateleza, nikasema "aliyekuwa mwenyekiti". Bwana yule alisimama ameduwaa, akamwangalia naibu wake. Naibu naye akadhani kuna habari imefika ambayo haijamfikia, akanyoosha koti. Kabla ya chakula kuiva watu walikuwa wanampa naibu mkono wa pongezi. Mzee Barnaba alinivuta kando, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mama, umempindua mtu hata kabla hatujaomba!"

Lakini siku ile ile, tukikunja nyaya, alinieleza jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote. "Cheo ni cha kiti," alisema. "Sifa ni ya mtu. Mtu akija na cheo, mpe cheo chake, si chako kumnyima. Lakini sifa usimpe kabla hujaiona. Ukisema mheshimiwa, umekitaja kiti. Ukisema mtetezi wa wanyonge, hapo umetoa ushahidi. Uwe tayari kuulizwa."

Sasa niwaambie kilichompata Mzee Barnaba.

Kulikuwa na mheshimiwa wetu aliyeitwa Zakayo. Sitaki mdhani alizaliwa mbaya. Alikuwa kijana wa huku kwetu chini ya Kisian, mamake Abigael alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwa, na alipotafuta kura tulimwita "kijana wetu" na tukacheza mpaka viatu vikakatika. Mwanzoni alikuwa akija ufuoni, anawajua wavuvi kwa majina, anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa anakula nao samaki. Nami nilimkaribisha jukwaani mara nyingi kwa moyo mweupe.

Halafu majina yakaanza kubadilika. "Kijana wetu" likaisha. Likaja "mheshimiwa", hilo ni sawa, lilikuwa lake. Kisha wapambe wake wakaleta "kinara". Kisha "mwenyewe", bila hata kumtaja. Wanasema tu, "Mwenyewe yuko njiani," na watu wazima wanasimama. Kadiri majina yalivyokua ndivyo alivyozidi kutoonekana ufuoni. Na asubuhi moja wavuvi walishuka ziwani wakakuta nguzo za zege zimesimikwa na seng'enge imevutwa kutoka barabarani mpaka majini. Ule ufuo ambako mababu zao walitia nanga ulikuwa umekuwa shamba la Zakayo. Walisema itajengwa hoteli, vijana wapate kazi.

Wavuvi wakahamia upande wa mawe. Mliokulia mjini hamjui mawe yale. Gugumaji hujaa pale likafunika maji yote ukadhani ni malisho, na chini yake kuna miamba. Mtumbwi ukirudi na upepo nyuma, huna pa kugeukia.

Mama Risper alikuwa mchuuzi wa samaki, rafiki yangu tangu siku za jikoni. Mwanawe wa kwanza, Onyango, alikuwa ameoa mwaka huo. Alirudi na wenzake siku ya upepo, mtumbwi ukapiga jiwe ndani ya gugumaji, ukapinduka. Wenzake walijinasua. Yeye miguu ilinaswa kwenye mizizi. Waliokuwa nchi kavu walimwona, walimsikia akiita, na kati yao na pale ambapo wangeweza kusukuma mtumbwi mwingine kulikuwa na ile seng'enge.

Mazishi yalifanyika nyumbani kwa Risper, juu kidogo ya ufuo. Mzee Barnaba ndiye MC, mimi msaidizi wake. Jeneza liko chini ya hema, Risper ameketi kando yake kwenye mkeka, hajala kwa siku nyingi. Kabla ya mchana tukasikia magari. Zakayo amekuja.

Msaidizi wake, kijana mwenye miwani ya jua, alikuja moja kwa moja kwa Barnaba.

"Mzee, ukimkaribisha mheshimiwa useme hivi: Mtetezi wa Wavuvi, Nguzo ya Ziwa."

"Nguzo?" Barnaba akauliza.

"Nguzo ya Ziwa. Ndivyo anavyopenda."

Barnaba hakubishana. Aliniachia maiki niwaongoze watu kwa wimbo, akaenda kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida kwa sababu ya goti lake bovu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Min Onyango," akamwambia, yaani mama yake Onyango, ndivyo tunavyoitana, "mtu huyu amekuja. Wanataka nimwite nguzo ya ziwa. Wewe ndiwe mwenye msiba. Unataka aitwe nani?"

Risper aliinua macho. Kutoka pale alipokaa, ua wote wa seng'enge unaonekana mpaka unapoingia majini.

"Nguzo ninaziona, Mzee," akasema. "Yeye ana jina. Mamake alimpa. Mwite hilo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Barnaba alirudi, akachukua maiki mkononi mwangu. Nilimwona akipangusa kiganja kwenye suruali. Nilitaka kumwambia, Mzee, angalau cheo, si ulinifundisha mwenyewe cheo ni cha kiti? Lakini alikuwa ameshaanza.

"Zakayo, mwana wa Abigael, amekuja kumzika Onyango pamoja nasi. Simama, mwanangu, utuambie neno."

Jamani, sijasikia tena mkubwa akiitwa hivyo matangani. Zakayo alisimama taratibu. Alipokea maiki, akatembea mpaka kwenye jeneza, akaangalia picha ya Onyango iliyowekwa juu yake. Walikuwa wanajuana. Onyango, alipokuwa mtoto, alikuwa amemchomea samaki mara nyingi pale ufuoni.

"Poleni," akasema. Sauti haikuwa ile ya mikutano. "Mama Risper... mimi..."

Naapa mbele yenu, mtu yule alikuwa karibu kusema kitu. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Niliona macho yake yamelowa, nikaona ameangalia ua, akaangalia chini.

Hapo ndipo yule msaidizi alipopiga makofi. "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" akapaza sauti, na vijana waliokuja naye kwenye magari wakadakia, wakapiga miluzi, "Mwenyewe! Kinara! Mwenyewe!" Zakayo aliwasikiliza. Niliona mgongo wake ukinyooka. Alirekebisha tai, akageuka akalipa jeneza kisogo, akatuhutubia kuhusu maendeleo mpaka jua likawahamisha watu viti.

Nimefikiria sana dakika ile. Watu husema sifa humlevya mtu. Mimi niliona kitu kingine. Yale majina yalimwokoa. Alikuwa amebaki mtupu, ana jina lake tu na kosa lake, wakamrushia majina kama nguo akajifunika.

Hakuna aliyempiga Barnaba. Hakuna aliyemtukana. Msaidizi alimpita wakati wa kuondoka akasema kwa upole, "Mzee, umechoka. Upumzike." Ikawa basi. Watu waliomzunguka kumpa mkono walikuwa wengi, wakamwambia umesema, umetusemea, wewe ni mwanamume. Mwanamke mmoja alimbusu mkono.

Halafu simu yake ikanyamaza.

Maana neno lilishapita: Barnaba akiwa MC, mheshimiwa hatafika. Na mheshimiwa asipofika, hema ni dogo, watu ni wachache, na aibu inabaki na wenye msiba. Hakuna aliyetaka aibu hiyo kwa marehemu wake. Wale wale waliompa mkono walikuja kwangu Migosi kuniomba niwe MC, wakisema, "Mama, tunampenda Mzee, lakini unajua." Nilikuwa najua. Nilimwendea kumuuliza nifanye nini.

"Nenda," akaniambia. "Una watoto. Toa cheo, sifa waachie wapambe wao. Ukifanya hivyo hutakosea."

Nikaenda, na nikafanya hivyo mpaka koo lilipokataa. Nilisema "mheshimiwa" na nikakomea hapo, watu wakadhani nina maneno machache.

Yeye aliuza spika moja, kisha ya pili, kisha jenereta. Akaanza kuuza viatu vya mitumba palepale Kibuye, kwenye kile kibanda chake. Sauti ile ikawa inaita, "Kiatu cha kanisa hapa! Kiatu cha ofisi hapa!" Nilikuwa napitia hapo nikitoka sokoni, tunakunywa chai. Siku moja nilimuuliza kama anajuta.

Alikuwa anasugua kiatu cha mwanamke kilichopoteza mwenzake. Akakisugua mpaka kikang'aa.

"Najuta jambo moja tu," akasema. "Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Ningempa Risper."

Miaka ilienda. Hoteli haikujengwa. Zakayo alishindwa kura, kisha akashindwa tena. Wapambe walihama, kila mtu akatafuta "mwenyewe" mwingine. Yule msaidizi wa miwani namwona bado, anafungulia mtu mwingine mlango wa gari. Tukasikia Zakayo anaugua sukari, tukasikia ameuza magari, tukasikia ameuza na ile ardhi ya ufuoni. Kisha tukaacha kusikia.

Mzee Barnaba alifariki msimu wa mvua uliopita. Alianguka kwenye kibanda, watu wakadhani anatafuta kiatu chini ya meza.

Tulimzika kwao, si mbali na Kisian. Mimi sauti ilikuwa imeshakufa, kwa hiyo familia ilimtafuta kijana mmoja awe MC, na sina lawama naye, alikuwa na adabu, alifunga kitambaa kwenye maiki. Mheshimiwa wa sasa alifika, akamwagiwa sifa zile zile ambazo wapambe walikuwa wakimmwagia Zakayo zamani. Alisema marehemu alikuwa nguli wa maikrofoni. Hakuwahi kukutana naye.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na jiko, pamoja na Risper na akina mama wengine waliokuwa wakipakua chakula. Boda boda ikasimama barabarani, akashuka mzee mwembamba, koti kubwa kuliko mwili, anatembea na fimbo. Hakwenda mbele kwenye viti vya wageni. Alitafuta kiti cha plastiki nyuma kabisa, karibu nasi, akaketi. Ilinichukua muda kumtambua. Uso ulikuwa umepungua ukabaki ule wa mamake.

Kijana MC aliwataja wageni wote. Alipofika upande wetu alisema, "Na wazee wetu wa huko nyuma, karibuni pia," akaendelea. Hakumjua. Angemjulia wapi? Zakayo alikuwa ameanza kunyanyuka. Alishika tena ukingo wa kiti, akarudi chini polepole, akajifanya anarekebisha kiatu.

Hakuna aliyecheka. Ningetamani niwaambie kwamba nilifurahi, hadithi ingekuwa tamu zaidi. Sikufurahi. Nilihisi uchovu tu.

Risper alikuwa amemwona tangu mwanzo. Alijaza sahani, ugali, nyama, mboga, akajipangusa mikono, akaenda nayo. Nikamfuata na maji ya kunawa kwa sababu niliogopa sijui nini. Alimwekea sahani magotini.

"Kula," akasema.

Zakayo alimtambua. Aliacha kunawa. "Min Onyango," akasema. "Nimekuwa nikitaka kuja kwako. Ule ua..."

"Ua upo," Risper akasema. "Nimepita hapo asubuhi."

"Nilitaka utolewe."

"Basi utoe."

Mbele, watu walikuwa wakimpigia makofi mheshimiwa aliyekuwa anaondoka.

"Niliuza, Mama. Siku za ugonjwa."

"Nilisikia. Ulimuuzia nani? Niende nimwombe yeye."

"Ni kampuni," akasema. "Siwajui. Sikuwahi kuwaona. Mtu aliniletea tu."

"Hawana jina?"

"Lipo. Herufi tu. Halina mtu."

Risper alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia, au atampiga. Alivuta tu kiti kilichokuwa wazi, akaketi kando yake, kwa sababu miguu yake nayo imezeeka.

"Kula, Zakayo," akamwambia. "Chakula kitapoa."

Alikula, kichwa kimeinama. Risper alingoja mpaka akamaliza, akachukua sahani ile, akaenda kuiosha.